Shingo Moja, Namba Tatu

Mpendwa Mshauri Gil,

Naomba unisaidie kabla sijapasuka, maana humu ndani hakuna wa kumwambia, mume wangu nikifungua mdomo tu anaongeza sauti ya televisheni, na mwanangu wa pekee, Gyu-won, hii ni wiki ya tatu hapokei simu yangu, na yote haya, Mshauri, ni kwa sababu nilisoma karatasi kwa sauti.

Mimi ni mama wa miaka sitini na miwili, mkazi wa hapa hapa Daegu, si mkorofi wala si mshamba, muulize yeyote kwenye kilabu chetu cha wanawake wapanda mlima, kila Alhamisi tunapanda ule mlima wa nyuma ya mtaa na sijawahi kuwa wa mwisho. Mwanangu ana miaka thelathini na moja na amepata mchumba, anaitwa Da-hye, anatengeneza meno ya bandia kwenye maabara, kazi si mbaya, anasalimia vizuri, hana makuu, na mimi kwa moyo mweupe tangu mwaka mpya nilikuwa nampelekea supu ya mwani ndoo nzima kila wiki, na mwani ule mnene wa kuchemshia mchuzi nao nikaongeza, kwa sababu mwani unasafisha damu na kuliandaa tumbo la uzazi, hili halihitaji mtu kusomea. Kwa hiyo asije mtu akakwambia sikumpenda.

Sasa siku hizi vijana kabla ya kuoana wanapima afya na kupeana karatasi, jambo zuri, na Da-hye akaniletea yake mwenyewe ndani ya bahasha, akanikabidhi kwa mikono miwili siku ile ya chakula cha familia mbili kukutana, siku ambayo wazazi wa pande zote mnakaa mmejinyoosha kama mnapigwa picha ya pasipoti. Nikaifungua pale pale, hata samaki hajafika mezani. Macho yakaenda moja kwa moja kwenye mstari wa tezi ya shingo, hiyo thairoidi, maana mwaka huu kwenye kilabu chetu hatuna mazungumzo mengine. Imeandikwa 3.9. Pembeni wameandika kiwango ni kuanzia 0.5 mpaka 4.5. Mshauri, mimi nimemsomesha mtoto mpaka chuo kikuu cha maana, matokeo najua kuyasoma, na mtu mwenye tatu nukta tisa mahali ambapo mwisho ni nne nukta tano ni mtu aliyeponea chupuchupu.

Nikasema kwa upole kabisa, "Da-hye mwanangu, hii tatu nukta tisa imekuwaje? Mkaza mwana wa Mama Cheol-min ana moja nukta moja."

Akatabasamu. "Mama, pale chini daktari ameandika jeongsang."

"Jeongsang ya kuning'inia ukingoni," nikamjibu, na wala si maneno yangu, ni utani wa Mama Cheol-min, mwenzangu wa kilabuni, maana neno letu hilo la Kikorea ni moja kwa mambo mawili, mtu aliye sawa kiafya ni jeongsang na kilele cha mlima ni jeongsang, basi yeye akiwa amekaa kule juu akimenya chungwa hutuambia, "Mashoga zangu, wote tumefika jeongsang, ila kuna waliokaa katikati na kuna wanaoning'inia." Tunacheka mpaka machozi. Pale mezani hakucheka mtu.

Baba yake Da-hye, dereva mstaafu wa mabasi ya mikoani, akaweka vijiti vyake chini polepole. "Mama Gyu-won," akasema, "sisi tulidhani tumekuja kula. Kumbe ni mnada wa ng'ombe. Meno je, hutamkagua? Fungua mdomo, Da-hye." Mkewe akamkanyaga mguu chini ya meza, nilimwona.

Mimi si mtu wa kinyongo. Nikamwomba tu binti apime tena, hospitali ile ile, akaenda siku moja mchana alipotoka kazini, akaleta 2.2. Mwingine angefurahi, mimi nywele zilinisimama. Wiki tatu, hajameza kidonge hata kimoja, alama zimepanda kutoka mkiani mpaka katikati ya darasa? Gyu-won mwenyewe na masomo yote ya jioni niliyomlipia hakuwahi kupanda hivyo. Nikakumbuka kwamba Da-hye ana mdogo wake anayefanana naye kama pacha. Nikachagua kliniki mwenyewe, nikamtuma huko, ikatoka 3.1. Sasa nikuulize, Mshauri, mtu ana shingo moja, namba tatu zinatoka wapi? Nikasema basi, cha nne tutapima mbele ya macho yangu, nione sindano inaingia mkono wa nani.

Da-hye akainamisha kichwa kidogo, halafu akakiinua. "Mama, kazini kwangu nikikosea unene wa unywele mmoja, jino halikai mdomoni. Kipimo chenye maana na kisicho na maana nakijua. Cha nne nitapima. Lakini tupime wote wawili, siku moja, kiti kwa kiti."

Mimi! Nipimwe kwani naolewa? Hapo ndipo Gyu-won aliponyanyuka, mtoto ambaye hajawahi kunipandishia sauti, na hata siku ile hakunipandishia, afadhali angepiga kelele. "Mama," akasema, "umenipima mimi alama tangu nikiwa na miaka mitano, nikavumilia. Huyu humpimi. Arusi ni Mei tarehe tatu kama tulivyopanga, ukija sawa, usipokuja sawa, na mshumaa wa buluu atawasha shangazi."

Mshauri, mshumaa wa buluu! Mnaingia ukumbini mama wawili mmeshikana mikono kabla ya mtu mwingine yeyote, mwenzako anawasha mwekundu wa bibi arusi, wewe unawasha wa buluu wa mwanao, nimeusubiri mshumaa huo miaka thelathini na moja, na kabla ya hapo miaka saba mingine ambayo tumbo lilikuwa tupu na mama mkwe wangu akiwaambia wageni, mimi nipo hapo hapo nawamiminia chai, kwamba yeye aliletewa mtungi uliopasuka, lakini hayo yamepita sitaki kuyaongelea, vazi la buluu nimeshashonesha, linaning'inia kabatini, kila nikifungua kabati linanitazama. Akawashe shangazi? Shangazi ambaye hata jiko la gesi anawashiwa?

Ili ujue huongei na mtu wa kubahatisha, nimeambatanisha nakala za vipimo vyangu mwenyewe, karatasi kumi na mbili, kila mwaka bila kukosa, uone mtu mwenye afya anavyokuwa. Ya mwaka huu iko juu kabisa, 1.4, nimeizungushia kalamu nyekundu. Naomba unijibu mambo mawili tu: katika namba tatu za msichana huyu ipi ni ya kweli, na nimfanyeje mwanangu akili zimrudie.

Mimi, Mama Gyu-won.

*

Mama Gyu-won,

Pole sana. Hiyo pole itunze vizuri, maana sidhani kama utapata nyingine humu.

Kabla sijapewa safu hii gazetini nilikuwa muuguzi, nimetoa watu damu kwa miaka ishirini na tisa. Nimeona waliozimia kabla sindano haijatoka kwenye karatasi yake, nimeona mwanamume mzima akimshika mkewe sketi. Lakini mgonjwa anayeugua namba ya mtu mwingine, wewe ni wa kwanza. Hongera. Kwenye kilabu chenu mnapenda kuwa wa kwanza.

Unauliza namba ipi ni ya kweli. Zote tatu, mama. Ile namba si alama ya tezi. Ni kiasi cha homoni ambayo ubongo unaituma kuiamsha tezi ifanye kazi. Ubongo unaipigia tezi simu kama wewe unavyompigia Gyu-won: alfajiri unapiga sana, mchana ukisinzia unapunguza, baridi ikiingia unaongeza, ukilala vibaya ndiyo kabisa. Ukihesabu simu saa mbili asubuhi utapata hesabu moja, ukihesabu saa tisa alasiri utapata nyingine, na mama ni yule yule, mwana ni yule yule, na hakuna anayeumwa. Da-hye alipima mara ya kwanza asubuhi ya Januari, nadhani, kwa sababu watu wote wanaofunga kula kwa ajili ya vipimo huenda asubuhi. Mara ya pili umeandika mwenyewe kwamba alikwenda mchana. Mara ya tatu ukamtuma kliniki nyingine, yenye mashine nyingine. Umebadilisha saa, umebadilisha siku, umebadilisha mashine, kisha unashangaa namba imebadilika. Nikikwambia ujipime uzito umevaa koti la kupandia mlima, halafu ujipime umetoka kuoga, utamtafuta mdogo wako?

Tukimtaja mdogo wake. Kwa hiyo msichana alimwamsha ndugu yake, akamvalisha nguo zake, akampa kitambulisho chake, akampeleka akadungwe sindano, ili ashushe namba ambayo daktari alishasema haina tatizo. Una kipaji, mama. Hizo tamthilia ambazo mumeo anaziongezea sauti, nenda ukawaandikie.

Na ile ndoo tusiisahau. Mwani umejaa madini joto, na tezi ndiyo inayoyatumia. Mtu akiyapata kupita kiasi, siku baada ya siku, tezi inaweza kulegea kidogo na ubongo ukalazimika kuongeza simu. Siapi kwamba ni supu yako iliyoipandisha namba, sikumdunga mimi. Ninachosema ni kwamba huwezi kumwagia mwenzako ndoo ya maji halafu ukamshitaki kwamba amelowa.

Sasa hicho kiwango unachokisoma kama matokeo ya mtihani. Unajua kilipatikanaje? Walichukua watu wengi wazima, wasio na ugonjwa wa tezi, wakawapima, wakawapanga kwenye mstari kuanzia mdogo mpaka mkubwa, halafu wakakata wachache huku na wachache kule, ili pabaki watu tisini na tano katika kila mia. Umesikia? Wale watano waliokatwa nao walikuwa wazima. Wametoka nje ya mstari bila kuugua chochote, kwa sababu mstari lazima ukatwe mahali. Na waliobaki ndani hawakupangwa nani bora. Mwenye 1.1 hajamshinda mwenye 3.9. Kila mtu ana mahali pake anapozungukia, kama kila mtu alivyo na saizi yake ya kiatu, na sijasikia bado kilabuni kwenu mkimcheka mwenye mguu wa thelathini na tisa.

Huo mlima wa nyuma ya mtaa wenu naufahamu, nimeupanda mara nyingi. Kileleni ni tambarare, wanakaa watu arobaini na mikoba yao wakala wakashiba. Wote wako jeongsang. Aliyekaa karibu na kamba iliyofungwa ukingoni yuko juu sawasawa na aliyekaa katikati, na upepo anaupata mzuri zaidi. Mama Cheol-min alikuwa anatania akimenya chungwa. Wewe ukaubeba utani ukaushusha mlimani, ukautia ndani ya bahasha ya mtoto wa watu.

Wasomaji wengine msinielewe vibaya. Mtu akitoka nje ya kiwango, au anachoka bila sababu, anahisi baridi wenzake wakitokwa jasho, shingo imevimba, aende kwa daktari, na daktari akitaka kurudia kipimo akubali. Kurudia kipimo ni kazi ya daktari. Si kazi ya mama mkwe.

Sasa tuje kwenye zile nakala ulizoniletea nione mtu mwenye afya anavyokuwa. Nakushukuru sana, sijapata msomaji mkarimu hivi. Ya juu kabisa, yenye kalamu nyekundu, 1.4, nzuri. Nilipogeuza ukurasa ndipo nikagundua kwamba wewe hukuwahi kugeuza. Mwaka jana 2.7. Mwaka wa kabla yake 1.9. Kuna 3.3, kuna 2.1. Na kuna ya mwaka 2016, mama, kaa chini kwanza: 4.8. Pembeni pana mshale mdogo unaotazama juu, na chini daktari ameandika kwa mkono wake, "Arudi baada ya miezi mitatu." Ukarudi, kwa sababu karatasi ya kurudi nayo umeniletea. 2.9. Hukupewa kidonge, hukupewa hata ushauri.

Shingo moja, namba saba tayari, na sijamaliza. Ilikuwa wewe, au ulimtuma mdogo wako?

Mkuki kwa nguruwe. Da-hye alikuomba kitu kimoja tu, mkae kiti kwa kiti, ukaona umetukanwa. Wewe mwenyewe mwaka 2016 hukuning'inia ukingoni, ulikuwa umeshavuka kamba, na Alhamisi ya wiki ile ile nina hakika ulipanda mlima na hukuwa wa mwisho.

Ningeweza kuishia hapo, na wasomaji wangecheka wakageuza ukurasa wa bei za mboga. Lakini kuna mstari kwenye barua yako uliouandika mbio mbio, ukauzika chini ya mshumaa na vazi. Ule wa mtungi uliopasuka. Mimi nilisimama hapo. Nimeusoma mara tatu. Imepita zaidi ya miaka thelathini, mama mkwe wako huenda hata hayupo tena, na bado unayakumbuka maneno yake yote, na unakumbuka kwamba ulikuwa umeshika birika la chai.

Hukumpima Da-hye shingo, Mama Gyu-won. Unaogopa miaka saba. Unaogopa kuwaona hao watoto wakisubiri kama ulivyosubiri, na ndiyo maana ndoo za supu, ndiyo maana kila karatasi unaiona kama ya hukumu. Hilo linaniuma, na nilikosea kusema hutapata pole nyingine, chukua hii ya pili. Lakini nikwambie na hili, nalo ulisikie: ulipofungua ile bahasha mbele ya baba yake na mama yake, ulikaa kwenye kiti cha yule bibi. Na Da-hye amepata mstari wake wa kukumbuka mpaka awe na miaka sitini na miwili. Mtungi uliopasuka. Jeongsang ya kuning'inia ukingoni. Nionyeshe tofauti.

Haya, utafanya hivi. Kipimo cha nne kimefutwa, kimefutwa leo, hakuna cha mbele ya macho yako wala nyuma yake. Jumapili hii unachukua karatasi zako zote kumi na mbili na ile ya kurudi, zile halisi, si nakala, unaziweka kwenye bahasha. Unakwenda kwa wazazi wa Da-hye na miguu yako. Mkononi usiwe na ndoo. Nimesema usiwe na ndoo, peleka mapeasi. Unamkabidhi Da-hye bahasha kwa mikono miwili kama alivyokukabidhi yeye, unasema, "Nisamehe, mwanangu, sikujua kusoma." Baba yake akitaka kuzisoma kwa sauti, mwache asome, mpaka ile ya 2016, na akisema fungua mdomo, ufungue. Ana haki hiyo mara moja.

Gyu-won usimpigie. Atasikia kabla hujafika kituo cha basi. Kuhusu mama mkwe wako na birika la chai, usianze wewe kusimulia ili uonewe huruma. Ila siku Da-hye akikuuliza, na wanawake wa kupima unywele huwa wanauliza, mwambie yote, na umwambie kwamba wakisubiri mwaka mmoja au saba au wasipopata kabisa, kwako hatamiminia mtu chai huku akitukanwa. Na Alhamisi ukifika kileleni, Mama Cheol-min akianza na moja nukta moja, pokea chungwa, kula, nyamaza.

Ulitaka nikueleze jinsi ya kumrudishia mwanao akili. Ziko mahali pake, zilimtoka mdomoni siku aliposema "huyu humpimi". Wewe ndiye uliyemlea, jivunie.

Mei tarehe tatu litoe lile vazi kabatini. Mshike mwenzako mkono, mtembee polepole, ukawashe mshumaa wako wa buluu. Mkono ukikutetemeka pale mbele ya watu wote, usimtafute daktari. Hiyo nayo ni jeongsang.